Friji haifi yote: namna ya kutafuta spea kuukuu Mombasa

Mashine yetu ya kufulia ilishuka kwenye kontena kutoka Uingereza, ikapandishwa hadi ghorofa ya tatu Tudor mabegani mwa vijana wanne waliokuwa wakizilaani ngazi kwa sauti, na ikafua miaka kumi na moja bila kununa. Siku ilipoanza kumwaga maji mlangoni, fundi wa kwanza aliitazama akiwa amesimama, mikono mfukoni, akaniambia, "Mama, hii weka kando ununue mpya." Kilichoharibika kilikuwa raba ya mlango peke yake, imechanika urefu wa kidole. Nilizunguka siku mbili nikaikuta raba ile ile kwenye mashine iliyolazwa chali kwa muuza skrepa, tena mashine yenye jina la kampuni nyingine. Nikaivua, nikaiosha, nikaivalisha yangu. Mpaka leo inafua.

Tangu siku hiyo majirani hunigongea mlango: bi mkubwa wa chini na pangaboi lake, kijana wa ghorofa ya pili na friji ya marehemu nyanyake. Ninayowaambia wao ndiyo haya.

La kushika kabla ya yote ni kwamba chombo hakifi chote. Hufa kiungo kimoja, vingine vikazikwa vingali hai. Na ule mzoga uliolala kwa muuza skrepa nao ulikufa na kiungo kimoja. Basi hutafuti mashine kama yako iliyo nzima; unatafuta mashine kama yako iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Hapa Mombasa magonjwa makubwa ni mawili. La kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari hula bati la nyuma la friji, hula mabomba, hula miguu ya mashine, na mwenye nyumba akiona kutu anaamua kuwa ndani nako kumeoza, kumbe mota na pampu hazina neno. La pili ni stima: inakatika, inarudi kwa kishindo, bodi inaungua, na kila kinachozunguka kinabaki kizima.

Kwanza, jua kinachouma

Chomoa plagi. Usiridhike na kuzima swichi ya ukutani, kwa sababu katika nyumba nyingi za zamani hapa mjini waya ziligeuzwa na watu waliokwisha kufa, na swichi huenda inakata waya usio wa moto. Chomoa kabisa.

Nunua mita ya kupimia umeme. Ile ya bei ya chini inatosha kwa kazi hizi. Ukitaka kujua kama hita ya pasi, birika au mashine ya kufulia iko hai, hesabu yake ni fupi: zidisha volti kwa volti, kisha gawa kwa wati zilizoandikwa kwenye chombo. Stima yetu ni volti 240, kwa hiyo 240 mara 240 ni 57,600. Pasi ya wati 1,000 itasoma omu 57 na kitu, omu ikiwa kipimo cha jinsi waya unavyoizuia stima. Hita ya mashine ya wati 2,000 itasoma karibu 29. Mita ikikupa namba iliyo karibu na hiyo, hita ni nzima na tatizo liko kwenye termostati (kinachokata na kurudisha stima kwa kufuata joto), fyuzi au waya. Isiposoma kitu, hita imekatika.

Vyombo vingine vinajisema vyenyewe. Pangaboi linalopungua mwendo mwezi baada ya mwezi, au linalonguruma bila kuzunguka mpaka ulisukume kwa mpini wa fagio, mara nyingi linadai kapasita tu, kile kipande kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Friji inayonguruma mchana kutwa na kutoka jasho kwenye kingo za mlango ina raba mbovu: funga noti ya shilingi hamsini mlangoni, ivute, ikitoka kama imeteleza kwenye siagi, hewa nayo inapita hapo hapo. Friji inayosema "tak", ikanyamaza dakika kadhaa, ikasema "tak" tena, inajaribu kuwaka na kushindwa. Kabla hujaililia kompresa, ile mota ya nyuma inayosukuma gesi, pima stima ya nyumba. Jioni watu wanapowasha kila kitu volti huweza kushuka kiasi cha kuishinda hata kompresa mpya. Volti ikiwa sawa, shuku rilei na ovalodi, vile vijikopo viwili vilivyochomekwa ubavuni mwa kompresa. Hivyo ni rahisi.

Pili, soma lebo, na usiamini jina

Kwenye friji, lebo mara nyingi iko ndani, ubavuni mwa droo ya mboga. Kwenye mashine ya kufulia fungua mlango, tazama kwenye fremu. Kwenye jiko iko pembeni mwa mlango wa oveni. Zile zilizobandikwa nyuma nje usizitegemee, chumvi imeshazilamba. Piga picha ya modeli, namba ya bidhaa, volti na hezi (Hz, mara ambazo stima hupigapiga kwa sekunde). Halafu toa kile kipande kilichokufa upige picha namba yake chenyewe, maana hiyo ndiyo yenye thamani kuliko jina kubwa lililoandikwa mbele.

Sababu ni kwamba kampuni nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Indesit, Ariston na Hotpoint ya Uingereza zilikuwa chini ya kampuni moja ya Italia, na mwaka 2014 Whirlpool ikainunua. Zanussi iliingia Electrolux 1984, AEG ikafuata katika miaka ya 1990. Bosch, Siemens na Neff ni nyumba moja. Ndiyo maana raba yangu ya mashine ya Hotpoint ilitoka kwenye Indesit. Na ndani kabisa, vipande vyenyewe vina waundaji wao: pampu ya kutoa maji iliyoandikwa Askoll utaikuta kwenye mashine za majina chungu nzima, kompresa ya Danfoss au Embraco vile vile, na termostati ya Ranco ya aina ya K59 imo kwenye friji nyingi ambazo kwa nje hazifanani hata rangi. Ila angalia usije ukakutanisha wasiojuana: mashine ya Von Hotpoint iliyouzwa madukani hapa Kenya na Hotpoint iliyoshuka na kontena usizichukulie kuwa ndugu kwa sababu ya jina.

Jambo la volti na hezi ni la kwetu sisi hasa, kwa sababu vyombo vingi vya mji huu vimeletwa na ndugu waliofanya kazi Uarabuni. Vya Dubai havina shida, wao ni hezi 50 kama sisi. Saudia ni hezi 60, na zamani nyumba nyingi kule zilitumia volti 127. Mota ya hezi 60 ukiileta huku itazunguka pungufu kwa moja ya sita na itachemka. Feni huenda ikavumilia, kompresa haitakushukuru. Vya Japani ni volti 100. Hivyo kipande kikiwa kimetoka kwenye chombo cha Saudia, Japani au Marekani, chukua chuma, plastiki na raba, lakini chochote chenye koili, yaani waya uliozungushwa, kiache.

Tatu, wapi pa kwenda, na saa ngapi

Anzia kwa mafundi, usianzie skrepa. Fundi wa mafriji yeyote wa Majengo au Mwembe Tayari ana mlima nyuma ya kibanda: vyombo ambavyo wenyewe walisema "nitarudi Jumamosi" mwaka juzi. Mlima huo ni bora kuliko yadi kwa sababu fundi anajua kila maiti ilikufa na nini. Hatakuuzia kwa kilo, ni kweli, lakini hatakuuzia gizani pia.

Baada ya hapo ni wale vijana wa mikokoteni wanaopita mitaani wakinunua vyuma. Hawa ndio mto. Yadi ni bahari tu. Kila friji inayotoka Kisauni, Bamburi au Likoni inapita mikononi mwao kwanza, na wakifika yadini mchana kazi imekwisha: kompresa inapasuliwa kwa nyundo itolewe shaba, raba inatupwa, milango inakunjwa. Mimi nimepatana na kijana mmoja. Namba yangu anayo, na mkataba wetu ni sentensi moja: "Nipigie kabla hujavunja." Akipata mashine ya kufulia hunitumia picha ya lebo. Nikiihitaji nampa zaidi kidogo ya atakachopewa kwenye mizani, na yeye hapati hasara ya kubeba. Tafuta kijana wako.

Yadi zenyewe, za upande wa Shimanzi na Changamwe, nenda asubuhi, vaa viatu vilivyofungwa, na uwe na mtu. Omba ruhusa kwa mwenye mizani kabla hujashika kitu. Mwisho wa mwezi ni mzuri kwa sababu watu wanahama nyumba, na wiki mbili kabla ya Idi ni nzuri zaidi: wenye uwezo wananunua friji mpya kwa ajili ya wageni, na ya zamani inatoka mlango wa nyuma ikiwa ingali baridi. Hoteli za pwani ya kaskazini zinapofanya ukarabati huuza vyombo kwa mafungu, vya chapa moja na modeli moja. Ukisikia habari hizo chukua mbili, moja ya kutumia, moja ya kuchinja.

Neno la sheria. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na mwenye yadi anatakiwa awe na leseni. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya skrepa kwa sababu ya watu waliokuwa wakihujumu minara na nyaya za umeme, na ilipofunguliwa tena mwaka huo jicho la dola lilikuwa limekaza. Kwa hiyo lipa kwa M-Pesa ubaki na ujumbe, na kitu chochote kinachonukia wizi, kama mita ya stima au waya mnene wa shaba uliochunwa, usikiguse hata kwa bure.

Nne, mazungumzo

Swali la kwanza si bei. Ni hili:

"Mzee wangu, hii ilikufa na nini?"

"Hiyo? Hiyo nzima, mama. Ya mzungu wa Nyali."

Kila friji iliyo yadini Mombasa ilikuwa ya mzungu wa Nyali. Cheka naye, kisha uliza tena kwa njia nyingine: ilikuja na nani, ilikuwa ndani au uwani, ilikuwa inawaka. Ukiona kompresa imeshatolewa, mtu aliitaka, maana yake gesi au mabomba ndiyo yaliyoua, na termostati, taa, rafu na mlango ni vyako. Ukiona bodi imetolewa au imeungua nyeusi, pampu na mota pima, huenda ni nzima. Ukiona mashine ya kufulia imeacha alama ya kutu iliyotiririka chini katikati, beringi ziliachia maji. Hapo bodi na kufuli ya mlango vinaweza kuwa salama.

Mwenye yadi anawaza kwa kilo. Bei ya chini kabisa ni uzito wa kipande kile kwenye mizani yake, na bei ya juu ni ya kipya dukani. Mimi sivuki theluthi ya bei ya kipya, na kipande kisichopimika hapo hapo sivuki bei ya mizani. Ukinunua mzoga mzima wa mashine ya kufulia kwa kilo, kumbuka kwamba ndani mna zege. Ndiyo, zege, vipande vizito vilivyofungwa juu na chini ya pipa ili mashine isicheze ngoma inapokamua. Vyote pamoja vinaweza kufika kilo ishirini. Nilimwambia mzee mmoja:

"Toa hilo zege kwanza ndipo upime."

Akanitazama kwa muda. "Nani amekufundisha?"

"Mwenzako."

Akaita kijana na spana.

Tano, pima kabla ya kulipa

Hapa usione haya. Chuchumaa, toa mita, watu watazame.

Kompresa ya friji ina pini tatu. Pima kila jozi. Utapata namba tatu, na kubwa itakuwa jumla ya zile mbili ndogo. Kwa mfano 12, 18 na 30. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye pini, nyingine kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi: isisome kitu. Ikisoma, stima imeshika chuma cha nje na itakupiga. Lakini kipimo kikubwa zaidi hukifanyi kwa mita, unakifanya kwa macho: tazama mabomba yake. Kama yalikatwa yakaachwa wazi wiki nzima katika unyevu wa mji huu, mafuta ya ndani yameshanywa maji, na kompresa hiyo itakufa mikononi mwa fundi wako. Chukua ile tu ambayo mabomba yamebanwa au kuchomelewa. Na soma gesi yake. R12 ni ya zamani, ile iliyopigwa marufuku kwa ajili ya tabaka la ozoni, na nchi kama yetu zilitakiwa kuiacha kabisa kufikia 2010. R134a inatumia mafuta ya aina nyingine. R600a inawaka moto kama gesi ya kupikia, na friji yake hujazwa gramu chache tu. Hizi hazichanganywi, na kazi ya kukata bomba na kujaza gesi mpe fundi wa friji mwenye vifaa. Usikate mwenyewe kwa plaisi, wala usimruhusu kijana wa yadi akate huku ana sigara mdomoni.

Termostati ya friji ina mkia mwembamba wa bomba. Mkia ukikatika au ukikunjwa pembe kali, gesi yake imetoka na kitu kimekufa. Katika joto la kwetu, ukizungusha kitufe mbali na sifuri, mita isome kwamba njia imefungana. Isiposoma, iache. Ukifika nyumbani uiweke kwenye friza nusu saa kitufe kikiwa kwenye 1, njia ikatike. Muuza barafu wa karibu atakusaidia ukimnunulia moja.

Pampu ya kutoa maji ya mashine ya kufulia, zungusha panga lake kwa kidole. Ikienda kwa kurukaruka usiogope, ni sumaku ndani. Ikikwama au ikizunguka laini bila kuruka kabisa, ndiyo mbovu. Koili yake isome omu mia na kitu hadi mia mbili hivi. Mota yenye brashi, vuta brashi utazame urefu wa kaboni, kisha angalia ile duara ya shaba iliyokatwa vipande vipande. Ikiwa rangi ya shaba au kahawia, sawa. Ikiwa na vishimo vyeusi, waachie wauza shaba.

Raba ya mlango wa friji ni kitu ambacho watu hukosea sana. Hawapimi mfereji inamokaa, wanapima nje mpaka nje. Pima kutoka mfereji hadi mfereji, urefu na upana, na kata kipande cha raba yako ya zamani ukiende nacho, urefu wa kidole tu, ili ulinganishe umbo la kisigino chake. Iliyo kubwa kidogo inaweza kukatwa kwenye kona na kugundishwa. Iliyo ndogo haivutiki hata uisomee dua. Ikiwa imejikunja kwa kukaa juani, maji moto yatainyoosha.

Maikrowevu sikufundishi kufungua. Ndani yake kuna kapasita inayoweza kushika volti 2,000 na zaidi hata baada ya kuchomolewa, na imewahi kuua mafundi waliojua kazi yao. Sahani ya kioo, pete yenye vigurudumu inayoibeba, na mlango mzima, hivyo nunua. Mlango uwe wa modeli ile ile, haukupinda, na vilimi vyake havijavunjika. Kufunga mwachie fundi.

Sita, kuukuu na kipya

Hapa ndipo nimewahi kupoteza pesa, kwa hiyo nitakuwa mkali. Kile ambacho kazi yake ni kuchakaa, nunua kipya. Kapasita mpya: linganisha maikrofaradi ziwe zile zile na volti ziwe sawa au zaidi, ya pangaboi mara nyingi iko kati ya 1.5 na 3.5. Mkanda mpya. Brashi mpya. Bomba la gesi na regyuleta vipya, bila mjadala. Hita ya mashine ya kufulia usiichukue kuukuu kamwe katika mji huu, maana maji ya visima vyetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, na hita iliyofanya kazi nayo imevaa chokaa kama koti. Vali ya kuingiza maji nayo shuku: chomoa kichujio chake, ukikuta unga mweupe umeganda, iache.

Beringi na sili mpya pia, na hapa kuna habari njema. Fundi akikuambia "beringi za mashine hii hazipatikani", mwambie aifute ile ya zamani asome namba. Beringi ni lugha moja dunia nzima. 6204 ni milimita 20 ndani, 47 nje, 14 unene. 6205 ni 25, 52 na 15. Namba hizo utazipata kwa muuza spea za pikipiki na magari, na hajui wala hajali kama unaenda kufua. Taka yenye raba pande zote mbili, iliyoandikwa 2RS.

Kuukuu, chukua vya chuma na plastiki: mlango, bawaba, rafu, droo, vitufe, pulii, pipa, glasi ya mlango wa mashine, panga na kifuniko cha feni, kisimamio cha blenda. Hivi kampuni ziliacha kuviunda zamani na havina mbadala dukani. Mota, pampu na kompresa ziko katikati: kuukuu ndiyo, zikipita mita. Bodi ni kamari. Mimi sinunui bodi ila niione ikiwaka kwenye mashine yenyewe, au muuzaji akubali kunirudishia pesa baada ya siku tatu, na akikubali haraka mno namtilia shaka.

Saba, kuvua bila kuua

Piga picha za waya kabla hujagusa, kutoka pande mbili. Waya usiukate karibu na kipande. Vuta tundu zima la kuchomekea na uondoke na mkia wa sentimita kumi au zaidi. Vijana wa yadi hukata shingoni kwa sababu wanataka kuwahi, na baadaye unaunga kwa tepu waya unaokaa kwenye maji. Skrubu zilizoshikwa na kutu zipulizie mafuta ya kulegeza, nenda ukanywe kahawa, urudi. Ukitumia nguvu utavunja sikio la plastiki ambalo ndilo ulilolijia.

Nilivuka Likoni siku moja na mlango wa friji kichwani. Abiria wa miguu hawalipi feri, na hakuna aliyeniuliza kitu isipokuwa bibi mmoja aliyeuliza kama friji yenyewe inafuata nyuma. Kilichonisumbua ni upepo. Funga mlango kwa kamba na gazeti, bawaba ziweke mfukoni.

Nyumbani osha kwa maji ya siki kuondoa chokaa, kausha kivulini siku nzima, skrubu zipake grisi kidogo kabla ya kufunga. Chumvi itakuja, hiyo haina shaka. Jaribu la kwanza lifanyie pakavu, kwenye soketi yenye waya wa ardhini, mkono mmoja nyuma, na watoto wawe chumba kingine.

Nane, mzoga

Ukinunua mashine nzima kwa ajili ya raba moja, ivue yote jioni ile ile kabla hujachoka nayo: pampu, kufuli ya mlango, vitufe, chemchemi, waya zenye matundu yake. Kila kitu mfuko wake, na karatasi ndani yenye modeli na ulichokipima. Kama ni friji, ng'oa mlango kwanza kabla ya lolote jingine, hata kama itakaa uwani usiku mmoja tu. Mtoto akijificha ndani mlango ukajifunga hawezi kutoka, na hasikiki.

Kilichobaki, yaani bati, pipa na chuma, mwite kijana wa mkokoteni apeleke kwenye mizani. Hurudisha sehemu nzuri ya ulicholipa. Zege mwenye mizani halitaki. La kwangu linazuia mlango wa uwani usibamizwe na kaskazi.